Kibarua, Kipande, Bango la WhatsApp

Bango lilikuwa safi. Nembo ya supamaketi ambayo kila mtu anaijua, picha ya wasichana watatu waliovaa aproni, na maandishi makubwa: nafasi 40, matawi ya Kitale, Bungoma na Eldoret, uzoefu hauhitajiki, mshahara shilingi 28,500. Chini kabisa palikuwa na namba ya simu na ahadi kwamba kutuma maombi ni bure.

Mimi ndiye niliyelituma. Lilikuwa limeingia kwenye grupu letu la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja, nami hata bila kulisoma hadi mwisho nikalisukuma kwa binti ya senge yangu, aliyekuwa nyumbani upande wa Chwele, akitarmaki mwaka wa pili sasa baada ya kidato cha nne. Sikuandika neno. Niliweka tu emoji ya mikono iliyokunjwa kama ya maombi.

Siku tatu baadaye alipigiwa simu. Mwanamke mwenye sauti ya ofisini akamwambia hongera, CV yako imepita. Kulikuwa na 1,500 za kufungua faili. Baada ya siku mbili, 3,500 za vipimo vya afya, kwa kuwa angekuwa anagusa vyakula. Kisha 6,000 za sare na mafunzo, ambazo zingerudishwa pamoja na mshahara wa kwanza. Kila malipo yalienda kwa namba tofauti ya M-Pesa, na kila namba ilikuwa na jina lake. Jumla, 11,000. Senge aliuza magunia matatu ya mahindi ili zipatikane. Alfajiri ya Jumatatu binti akapanda matatu hadi Eldoret na begi lake, na ndani ya begi barua yenye muhuri wa samawati. Mlinzi wa geti aliisoma, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Siste, hii barua nimeiona mara nne wiki iliyopita," alimwambia. "Rudi mapema, usishikwe na giza njiani."

Nyumbani hukumu ilitoka haraka: watoto wa siku hizi ni wajinga, wanapenda vya bwerere. Mimi nilinyamaza, maana bango lilitoka kwangu. Lakini hilo neno "mjinga" lilinikwama kooni. Huyu ni msichana anayehesabu chenji ya konda kabla hata hajaketi. Ni nini kilichomfanya aamini?

Nilipoanza kusoma historia ya kazi katika kona hii yetu, kati ya Mlima Elgon na mto Nzoia, niliona kwamba imani yake ina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Hapa kwetu, tangu mwanzo, kazi ya mshahara ililetwa. Ililetwa na mtu, ikatoka mbali, na ikaja na karatasi. Tapeli wa leo amevaa tu nguo za yule mtu.

Karatasi kwanza

Tuanze na maneno yetu wenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Kwenye miji ya pwani katika karne ya 19, mtu aliyekodishwa kwa siku, mara nyingi mtumwa aliyetumwa na bwana wake akatafute ujira, alijulikana kwa kikaratasi alichopewa cha kazi. Jina la kikaratasi likamganda mwenye kukibeba. Leo tunasema "ameenda kibarua" na hakuna anayekumbuka kwamba tunataja barua.

Neno la pili ni kipande. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1919 na 1920, sheria hiyo ikaanza kutekelezwa kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa abebe kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Ilihifadhiwa ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi, na huo ni utani wenye uchungu.

Shida ya kipande haikuwa uzito wa chuma. Ilikuwa saini. Mwajiri asipotia saini kwamba amekuachilia, huwezi kuandikwa kwingine, na ukiondoka hivyo hivyo wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Karatasi ilikuwa yako, shingo ilikuwa yako, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwingine. Weka hilo akilini, maana tutakutana nalo tena uwanja wa ndege.

Mtu wa kati

Kwa nini mtu wa Bungoma aliyekuwa na shamba la wimbi na ng'ombe wake aende kumfanyia mtu mwingine kazi? Jibu fupi ni kodi. Kodi ya nyumba ilianza mapema miaka ya 1900, na kufikia 1910 hata wanaume wasio na nyumba walitozwa kodi ya kichwa. Kodi ililipwa kwa pesa, na pesa zilikuwa kwa mzungu. Hata hivyo watu hawakwenda kwa wingi walowezi waliotaka. Hapo ndipo alipoingia wakala wa kuandika watu.

Wakala huyu alikuwa mfanyabiashara. Mwajiri, awe mwenye shamba, mwenye mkonge au mjenzi wa reli, alimlipa kwa kila kichwa alicholeta. Kwa hiyo faida yake ilikuwa vichwa, na njia ya kupata vichwa ilikuwa maneno. Akifika kijijini alipitia kwa chifu. Alisema kazi ni nyepesi wakati ni nzito, mahali ni karibu wakati ni mbali, mshahara ni huu wakati ni ule. Tume ya serikali ya 1912 na 1913 iliyochunguza habari za kazi ya wenyeji ilisikia ushahidi mwingi wa aina hiyo: mawakala waliodanganya, machifu waliosukuma vijana, watu waliogundua masharti ya kweli wakiwa wameshafika.

Kisha vita vikaja. Maelfu kwa maelfu walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebeba jina la kikosi hicho hadi leo. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa ilizidi 40,000, wengi kwa maradhi na kukosa chakula. Waliorudi walirudi na somo moja: ukiitwa kazini na mtu mwenye daftari, uliza mara mbili.

Ila kuuliza hakukuwa rahisi. Baada ya vita mashamba ya Trans Nzoia yaligawiwa walowezi, wengi wao wanajeshi wa zamani, na ardhi ile yote ya mahindi ilihitaji mikono. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka ulioagiza maofisa wahimize watu watoke vijijini kwenda mashambani, wanawake na watoto wakiwemo pale shamba lilipokuwa karibu. Machifu walitakiwa kusaidia, na rekodi iwekwe ya nani alisaidia na nani hakusaidia. Maaskofu walilalamika, London ikashtuka, na baadaye lugha ya waraka ikalegezwa. Lakini kijijini ujumbe ulikuwa umeshafika: chifu akikwambia kuna kazi, hiyo si taarifa, ni msukumo.

Naomba uangalie vizuri muundo wa uongo huo. Kazi ilikuwepo kweli. Shamba lilikuwepo, mahindi yalikuwepo, mwajiri alikuwa na jina. Uongo ulikuwa ndani ya masharti. Na aliyeleta habari hakuwa mgeni kabisa. Alipitia kwa mtu unayemjua, ambaye huwezi kumkatalia kirahisi. Zamani alikuwa chifu. Kwa binti ya senge yangu, nilikuwa mimi.

Kitale, saini na ukaidi

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mji ukawa kituo cha mahindi. Kutoka upande wa Bungoma familia nyingi zilivuka kwenda mashambani. Wengine walikwenda kwa kandarasi ya kipande, siku 30 za kazi zikihesabiwa moja moja. Wengine walikwenda kuwa maskwota: unapewa mahali pa kujenga, kulima na kuchunga, na badala yake unamfanyia mwenye shamba kazi. Sheria ya 1918 iliweka siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mwanzoni mpango huo uliwavutia watu, kwa sababu malisho yalikuwa mapana. Kadiri miaka ilivyosonga, siku za kazi ziliongezwa na ng'ombe wakapunguzwa. Ofa ilikuwa ileile kwa jina. Masharti ndiyo yaliyohama.

Wakati wa Vita vya Pili kazi ya lazima ilirudi. Kuanzia 1942 serikali iliruhusiwa kuwachukua Waafrika kwa nguvu wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi yaliyohesabiwa kuwa muhimu kwa vita. Huko Kimilili alikuwepo mwanamume mmoja, mchezaji mpira wa zamani, aliyekataa. Elijah Masinde tunamkumbuka zaidi kwa Dini ya Msambwa, lakini miongoni mwa mambo aliyoyapinga ilikuwa kazi hiyo ya lazima. Alifungwa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akaachiliwa 1947. Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi na kuua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, naye akapelekwa kuzuiliwa mbali, Lamu.

Namtaja Masinde kwa sababu historia ya kazi hapa kwetu haikuwa ya watu waliodanganyika tu. Kulikuwa pia na desturi ya kukataa, ya kumwambia mleta habari: kwanza nieleze. Desturi hiyo tumeisahau kidogo, na nadhani najua ni lini.

Foleni ya uhuru

Kwa nusu karne tatizo la mlowezi lilikuwa kwamba watu ni wachache. Uhuru ulipofika, hesabu ilikuwa imegeuka: watu ni wengi, kazi ni chache. Mwaka 1964 serikali ya Jomo Kenyatta, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kwamba kampuni zitaongeza wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, na wafanyakazi wasidai nyongeza ya mishahara. Ofisi za kazi zikafunguliwa milango. Zaidi ya watu 200,000 walijiandikisha. Waliopata kazi hawakufika hata robo yao.

Kwangu mimi foleni ile ndiyo tukio kubwa zaidi katika hadithi hii yote. Kabla yake, mwajiri alimlipa wakala amtafutie watu. Baada yake, ni mtu anayetafuta mwajiri. Na kila mahali ambapo kitu ni adimu, hatokosekana wa kuuza nafasi mbele ya foleni. Pesa ikageuza uelekeo: badala ya kutoka kwa bosi kwenda kwa wakala, ikaanza kutoka kwa anayetafuta kazi kwenda kwa wakala. Biashara ya kichwa ikabaki biashara ya kichwa, ila sasa kichwa ndicho kinacholipa.

Kwa muda viwanda vilificha hali hiyo. Kitale ilikuwa na Kenya Seed tangu 1956. Webuye ikapata kiwanda cha karatasi, Pan African Paper Mills, kilichoanzishwa 1969. Nzoia Sugar ikafuata miaka ya 1970, na miwa ikafunika vilima. Mtu aliyemaliza shule alikuwa na mahali pa kulenga. Lakini hata enzi hizo njia ilikuwa mtu: mjomba kiwandani, jirani aliyemjua meneja, mheshimiwa mwenye karatasi ndogo ya kumwandikia mtu fulani "msaidie huyu". Koneksheni. Wengi wa wazazi wetu waliingia kazini hivyo na hawaoni aibu, kwa sababu mlango mwingine haukuwepo.

Kisha PanPaper ikafungwa mwaka 2009. Wote waliowahi kupita Webuye kabla ya hapo wanakumbuka ile harufu ya kiwanda, na wote waliopita baadaye wanakumbuka mji ulivyonyamaza. Kizazi kilicholelewa na koneksheni kilikuwa bado na imani ya koneksheni, ila upande wa pili wa waya hakukuwa tena na kiwanda. Pengo kama hilo ni shamba zuri kwa tapeli. Mzazi anaamini kabisa kwamba kazi hupatikana kwa mtu na kitu kidogo, kwa sababu yeye aliona kwa macho yake. Mtoto akisema wanataka 6,000, mzazi haulizi kwa nini. Anauliza tu kama zitatosha.

Wakala asiye na uso

M-Pesa ilianza 2007. Imetufaa sana, lakini iliondoa kitu kimoja ambacho wakala wa zamani hakuweza kukikwepa: kusimama mbele ya watu. Yule wa 1912 alilazimika kufika kijijini, na akirudi mwaka wa pili aliowadanganya wangeweza kumtambua. Wa leo ni laini ya simu. Akimaliza na wewe anaivunja.

Uongo wenyewe sasa una aina tatu, na ni vizuri kuzitenganisha.

Aina ya kwanza ni kazi isiyokuwepo kabisa, kama ile ya bango langu. Hapa kwetu sura yake ya kila mwaka ni barua za jeshi. Chuo cha mafunzo ya makurutu wa KDF kiko Eldoret, safari fupi kutoka Kitale, na mara kwa mara vijana wamefika langoni na barua za wito zilizonunuliwa kwa maelfu ya shilingi, mzazi akiwa ameuza ng'ombe au kipande cha ardhi. Wanaishia kukamatwa wao. Jeshi husema kila mara kwamba usajili ni bure na hufanyika uwanjani, hadharani. Barua inayokufikia kupitia kwa "afande anayejua afande" ina kosa hilo tayari, hata muhuri wake uwe mzuri namna gani.

Jamaa ya aina hii ni ile "kazi ya stoo" ambayo rafiki uliyesoma naye anakuitia mji mwingine. Ukifika unakuta nyumba yenye vijana kumi na watano, mafunzo ya kutwa nzima, na sharti la kununua bidhaa kwanza kisha uwalete wengine. Kazi yako ni kuleta vichwa. Ni wakala wa 1912 amegawanywa vipande vidogo vidogo, kila kijana akapewa chake.

Aina ya pili ni kazi iliyopo, masharti ya uongo. Hii ndiyo ya Ghuba. Maelfu ya dada zetu wanafanya kazi kweli huko, wanatuma pesa, wanajenga. Wengine walifika wakakuta nyumba mbili za kusafisha badala ya moja, mshahara mwingine, na pasipoti imefungiwa kabatini na mwajiri. Hapo ndipo kipande kinaporudi: karatasi ni yako, ruhusa ya kuondoka ni ya mwingine. Kenya ilizuia wafanyakazi wa nyumbani kwenda Mashariki ya Kati mwaka 2012, ikafuta leseni za mawakala zaidi ya 900 mwaka 2014, kisha ikafungua tena 2017 kwa masharti mapya. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa karibu miaka miwili.

Aina ya tatu ni mtego. Tangu 2022 Wakenya wenye digrii na Kiingereza kizuri wameitwa Thailand kwa kazi ya huduma kwa wateja, wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa kwenye majengo yenye walinzi. Huko walilazimishwa kuwatapeli watu wengine mtandaoni, mchana na usiku. Mapema 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika majengo hayo, Wakenya kadhaa wakiwemo. Septemba mwaka huohuo polisi waliwaokoa zaidi ya watu 20 kwenye nyumba za kupanga Athi River, waliokuwa wakisubiri kusafirishwa kwenda Urusi, ambako wengine waliowatangulia kwa ahadi ya kazi walijikuta kwenye vita vya Ukraine. Wapagazi wa 1917 wangeielewa hadithi hiyo bila kufasiriwa.

Na usidhani muhuri wa serikali ni kinga ya kutosha. Jirani zetu wa Uasin Gishu walilipa mamia ya maelfu ya shilingi kupitia mpango uliopita mikononi mwa kaunti yenyewe, watoto wao wakasome na kufanya kazi Finland na Canada. Wengi hawakusafiri, na kufikia 2023 wazazi walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa zao.

Maswali matatu

Historia haitakupa orodha ya namba za matapeli. Inaweza kukupa maswali, nami nimebaki na matatu.

La kwanza: pesa inaelekea wapi? Mwajiri wa kweli anataka kazi yako, na wewe ndiye unayeuza. Ukiona unalipa ili uuze, simama hapo. Zipo gharama halali: pasipoti, cheti cha tabia njema, vipimo vya hospitali. Lakini hizo hulipwa kwa anayetoa huduma, kupitia eCitizen au dirisha la hospitali uliyoingia mwenyewe, na risiti unabaki nayo. Hazitumwi kwa laini ya mtu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unaweka msingi kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Wakala yeyote akitaja ada, muulize iko ukurasa gani wa mkataba na risiti itatoka kwa jina la nani. Na ile ya "itarudishwa na mshahara wa kwanza" ni mkopo unaompa mtu usiyemjua.

La pili: naweza kufika mlangoni kwa njia yangu mwenyewe? Usipige namba iliyo kwenye bango, maana atakayepokea ni mwenye bango. Tafuta namba ya kampuni kwingine, au ingia tawi lao la mjini umuulize mhudumu. Kama ni kazi ya nje, Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inaweka orodha ya mawakala waliosajiliwa, na orodha hiyo inasomeka hata kwenye simu. Tazama jina lote, herufi kwa herufi, kwa kuwa matapeli hupenda jina linalofanana. Kuna pia ofisa wa kazi wa serikali. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na ofisa huyo kabla hujaondoka. Wakala anayekwambia hiyo hatua inachelewesha, na kwamba ndege ni Ijumaa, amekujibu tayari.

La tatu: karatasi zangu zitakaa kwa nani? Kitambulisho chako halisi, cheti chako cha shule, pasipoti yako havihitaji kulala kwa mtu. Nakala zinatosha. Viza pia isome: viza ya mtalii si ya kazi, na kama kazi ni Thailand na ofa inataja mpaka wowote, baki nyumbani. Babu zetu hawakuwa na uwezo wa kukataa kuvaa kipande. Sisi tunao wa kukataa kuacha kitambulisho mezani kwa ajenti.

Ukishapigwa, usikae na aibu peke yako. Namba ya tapeli itume kwa Safaricom kupitia 333, piga ripoti polisi na uchukue namba ya OB, na uwaambie watu wa grupu lilikotoka bango. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mimi lilinichukua wiki mbili. Nilipoandika mwishowe kwamba lile bango la supamaketi lilikuwa la uongo, watu wawili walinijibu faraghani. Wao pia walikuwa wamelituma kwa wadogo zao, na wao pia walikuwa wamenyamaza.

Nilimrudishia senge pesa ya gunia moja, ya mengine mawili bado. Hajawahi kunilaumu kwa maneno. Binti yake sasa anauza nguo za mitumba na dada mmoja pale Kanduyi huku akiendelea kutuma maombi. Mwezi uliopita nilimtumia tangazo lingine, safari hii nikiwa nimelisoma hadi mwisho, la kampuni yenye ofisi ninayoipita kila siku. Hakusema asante. Alijibu kwa mstari mmoja:

"Brathe, umeingia ndani ukauliza, ama umepita tu?"

Nilikuwa nimepita tu. Kesho yake asubuhi nikaingia.